Premio inayochemsha mlimani: shajara ya kutafuta chanzo

Gari ni Toyota Corona Premio AT211 ya 1998, injini 7A-FE ya lita 1.8, gia otomatiki. Kazi inafanyika Ndeeba, Kampala. Malalamiko: mjini gari halisumbui, hata likikaa kwenye foleni ya Jinja Road jioni. Likipita Ntungamo kuelekea Kabale linachemsha kwenye milima, na hadi linafika linadai karibu lita moja ya maji. Kwingine lilikopelekwa, mwenye gari aliambiwa gasketi ya hedi (kizibo kati ya bloku na kichwa cha injini) imeungua, hedi ishushwe.

Hapa hedi haishushwi mpaka vipimo viseme hivyo. Kushusha hedi ya 7A-FE maana yake ni gasketi mpya, sili zake, kuisugua hedi ikiwa imepinda zaidi ya milimita 0.05, na boliti kumi za kukazwa kwa awamu kuanzia katikati kwenda nje: Nm 29 kwanza (kipimo cha nguvu ya kukaza), halafu kuzungushwa nyuzi 90, halafu nyuzi 90 tena. Ukimaliza yote hayo na kumbe chanzo kilikuwa rejeta, gari litachemsha kwenye mlima uleule, na safari hiyo gasketi itaungua kweli.

Jumatatu. Ukaguzi gari likiwa baridi

Mfuniko wa rejeta unafunguliwa injini ikiwa baridi kabisa, baada ya kuuminya mpira wa juu na kuhakikisha hauna presha. Maji yaliyokutwa ndani yana rangi ya chai ya rangi, hayana utelezi wowote wa kulanti (maji maalumu ya kupooza injini). Ni maji matupu yenye kutu. Ukipitisha kidole ndani ya shingo ya rejeta unatoka na tope laini la kahawia.

Oili haina weupe, si kwenye kijiti wala chini ya mfuniko wa kumiminia. Oili ya gia imeiva kidogo lakini haijawa ya maziwa. Hilo linaangaliwa mapema kwa sababu gari la otomatiki hupooza oili ya gia ndani ya tangi la chini la rejeta. Kipooza hicho kikitoboka, maji na oili huchanganyika, na gia hufa kabla ya injini.

Thamostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto, haipo. Nyumba yake ilifunguliwa na kufungwa tena ikiwa tupu. Feni ya rejeta imeunganishwa moja kwa moja na swichi ya ufunguo kwa waya mwembamba wa spika, bila rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) wala fyuzi. Chupa ya akiba imejaa hadi juu wakati rejeta yenyewe imepungua. Jambo hilo peke yake linatuhumu mfuniko, kwa sababu maji yaliyosukumwa nje wakati wa joto yalipaswa kuvutwa kurudi injini ilipopoa.

Kabla ya kufungua boliti yoyote, mahali gari linapochemshia pamechambuliwa. Linalochemsha likiwa limesimama na kutulia likikimbia lina upungufu wa hewa: feni, rilei, kava la feni, au vumbi na wadudu walioziba katikati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta. Linalochemsha likikimbia au likipanda mlima, lakini linatulia kwenye foleni, halipitishi maji ya kutosha, au rejeta yake haimudu joto la injini iliyobeba mzigo. Mipira ikiwa migumu dakika mbili tatu tu baada ya kuwasha injini baridi, gesi ya mwako inaingia kwenye maji. Mshale wa joto unaopanda na kushuka ghafla unaonyesha hewa imenaswa ndani. Wa kuogopwa zaidi ni mshale unaoanguka chini huku mvuke ukitoka kwenye boneti: maji yameondoka, sensa imebaki hewani na haipimi kitu tena. Dereva anaona baridi na kukanyaga mafuta.

Gari hili liko kundi la pili. Tunaanza na presha, kwa kuwa ndicho kipimo cha bei nafuu kuliko vyote.

Jumanne. Presha, na kwa nini Kabale si Kampala

Kampala iko karibu mita 1,190 juu ya usawa wa bahari, na maji ya wazi huchemka hapa kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale iko karibu mita 2,000. Kule yanachemka karibu na 93. Mfuniko mzima wa gari hili unashikilia takriban ba 0.9 (karibu psi 13), na kwa presha hiyo maji matupu hayachemki Kampala mpaka karibu 116, wala Kabale mpaka karibu 115. Injini inayopanda mlima kwa nyuzi 98 au 100 haijaumwa. Inaumwa pale mfuniko unapoacha presha mapema.

Mfuniko wa gari hili umeandikwa 0.9. Kwenye pampu ya kupimia umefunguka kwenye 0.3. Kwa kiwango hicho maji matupu yanachemka Kabale kwenye nyuzi 102 hivi, yaani juu kidogo tu ya joto la kawaida la mlimani. Mara yanapochemka, mvuke unasukuma maji kwenye chupa, chupa inafurika, na lita moja inaishia barabarani bila mpira wowote kuvuja. Vali ndogo ya katikati, ile inayoruhusu maji kurudi, imegandishwa na kutu. Ndiyo sababu chupa ilikuwa imejaa na rejeta imepungua.

Kwa asiye na pampu maalumu: mfuniko mkuukuu unaotoshea shingo ile unatobolewa, unafungwa vali ya tairi ya tubeless pamoja na mpira wake, kisha inatumika pampu ya mkono yenye geji. Usipite psi 15, na usifanye hivyo injini ikiwa ya moto. Mfumo ulijazwa maji, ukapandishwa hadi psi 13 na kuachwa dakika kumi. Ulishuka psi 1, na tone likaonekana kwenye klipu ya mpira wa hita karibu na ukuta unaotenganisha injini na abiria. Klipu imebadilishwa, kipimo kimerudiwa, presha imekaa. Kitundu cha chini ya pampu ya maji, ambako maji hutoka sili yake ikichoka, kikavu.

Gasketi ya hedi, basi. Kipima gesi chenye maji ya bluu kiliwekwa kwenye shingo ya rejeta, injini ikiwa moto, na kiwango cha maji kimeshushwa kidogo ili kipimo kivute hewa badala ya kunyonya maji. Rangi ingegeuka njano kama gesi ya mwako ingekuwepo. Imebaki bluu, hata injini ilipopandishwa hadi mizunguko 2,500 kwa dakika na kushikiliwa hapo kwa muda. Kisha kompresheni (mgandamizo ndani ya kila silinda), plagi zote nje, kanyagio la mafuta hadi chini, betri imejaa: 168, 165, 170, 166 psi. Kitabu cha injini hii kinataja karibu 191 kwa injini nzima na 142 kama mwisho wa kuvumilika, tofauti kati ya silinda isizidi 14. Wanaosoma 168 na kusema injini imechoka wanasahau kwamba hewa ya Kampala ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya pwani, na geji inasoma pungufu kwa kiasi hichohicho. Hizi ni namba nzuri. Kinachoamua hasa ni usawa wa silinda nne, na usawa huo unalitetea gari hili.

Pasipo kipima gesi, angalia mapovu shingoni. Mapovu yanayotoka mwanzoni na kukoma ni hewa iliyonaswa. Yanayoendelea bila kukoma, madogo na ya mfululizo, ni gesi. Chomoa waya wa plagi moja baada ya nyingine (na uuweke waya kwenye bodi, usiuache ukirusha cheche hewani). Mapovu yakipungua kwenye silinda fulani, hapo ndipo gasketi ilipokata.

Jumatano. Joto la rejeta, pembe kwa pembe

Injini imepashwa moto hadi joto la kazi, ikashikiliwa kwenye mizunguko 2,000, na uso wa rejeta ukapimwa kwa kipimajoto cha miale. Kinapima vizuri kwenye plastiki nyeusi na mpira. Kwenye alumini inayong'aa kinadanganya, kwa hiyo vipande vya utepe mweusi vilibandikwa kwanza kwenye mapezi. Tangi la juu: 91. Katikati: 78. Pembe ya chini kulia: 49, na pale mkono unakaa bila shida. Rejeta yenye afya hupoa taratibu kutoka juu hadi chini. Doa linalobaki baridi katikati ya sehemu za moto ni mirija iliyoziba. Maji ya moto hayafiki hapo kabisa.

Kabla ya kuilaumu rejeta peke yake, mambo matatu yaliangaliwa haraka. Mkanda wa alternata, ambao kwenye 7A-FE ndio pia unaozungusha pampu ya maji, unabonyea karibu sentimita 1 ukisukumwa kwa nguvu ya kidole gumba. Hauna mng'aro wa kuteleza. Mpira wa chini haunyweki ndani injini inapopandishwa hadi 3,000. Mpira uliolegea unafyonzwa na pampu hadi kuta zinakutana, na hilo hutokea kwa kasi tu, kwa hiyo ukiangalia gari likiwa limetulia hulioni. Taimingi (wakati plagi inapotoa cheche), matundu ya TE1 na E1 kwenye soketi ya ukaguzi yakiwa yameunganishwa kwa kipande cha waya, ni nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika kileleni kama inavyotakiwa. Taimingi iliyochelewa hupeleka joto la mwako kwenye hedi na egzosi, na imewatuma watu wengi kununua rejeta bure.

Alhamisi. Rejeta nje

Rejeta imetolewa na kusimamishwa, maji yakamiminwa kwa mpira wa bomba upande wa juu. Rejeta safi inatoa maji chini kwa kasi ileile yanayoingia. Hii imejaa na kufurika shingoni huku chini ikitoa mkondo mwembamba. Uzito wake pia si wa alumini tupu.

Katwe kuna mafundi wanaofungua meno ya alumini yanayoshika tangi la plastiki, wanapitisha ubapa wa chuma kwenye kila mrija, na kufunga tena. Kwa rejeta ya shaba iliyochomelewa ni kazi halali na ya kudumu. Kwa hii ya alumini na plastiki tunaipinga: meno yakikunjuliwa na kukunjwa tena hukatika, mpira wa kuzuia maji haukai sawa, na plastiki ya umri huu hupasuka presha ya 0.9 inaporudi. Gari ambalo mfuniko wake mbovu ulikuwa unatoa presha kwenye 0.3 halijawahi kuijaribu plastiki ile kwa miaka. Weka mfuniko mzima kwenye rejeta chovu na tangi litapasuka njiani.

Rejeta mpya imenunuliwa Kisekka, soko la vipuri Kampala. Pale dukani kipime kiini kwa rula kabla ya kulipa: kuna za unene wa milimita 16 na za 26, zinafungika sawa, zinafanana ukiziangalia kwa mbele, na bei ya ile nyembamba inavutia. Kwa gari la otomatiki lenye kiyoyozi na safari za milimani, chukua 26. Hakikisha ina midomo miwili ya oili ya gia chini. Ya gari la manyuo (gia za mkono) haina.

Bloku nayo imesafishwa, la sivyo tope lake litahamia rejeta mpya ndani ya wiki chache. Usafishaji umefanywa rejeta kuukuu ikiwa imerudishwa kwa muda. Asidi ya sitriki gramu 50 kwa kila lita, yaani gramu 300 kwa mfumo wa karibu lita 6, injini imeendeshwa kwa joto la kazi nusu saa, hita ikiwa wazi, kisha yote yakamwagwa, pamoja na kufungua boliti ya kumwagia iliyo ubavuni mwa bloku. Watu wengi hawaifungui boliti hiyo, na karibu tope zito lote linakaa nyuma yake. Ilibidi kuchokonoa kwa waya kabla maji hayajatoka. Baada ya asidi, maji safi mara kwa mara mpaka yatoke meupe, na katika mzunguko mmoja kijiko cha baking soda ili kuua asidi iliyobaki. Asidi isilazwe ndani usiku kucha. Magadi makali ya kuzibulia mifereji yasiingie kabisa kwenye injini hii, yanakula hedi ya alumini.

Thamostati kwenye sigiri

Imani kwamba thamostati ni kitu cha nchi za baridi imetapakaa gereji nyingi, na inaharibu injini. Ukiipindua thamostati na kuona kisahani cha pili upande wa chini, hicho ndicho kinachoziba njia ya mkato ya maji injini inapopata moto. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote: sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye pampu bila kupita rejeta, na upungufu huo unajitokeza mlimani, pale kila lita inapohitajika. Kwenye tambarare mambo ni kinyume. Injini inabaki baridi, kompyuta inaongeza petroli, oili inachafuka mapema.

Thamostati mbili zimepimwa, zote zimeandikwa 82. Zimening'inizwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji juu ya sigiri, kipimajoto kando yake, vyote bila kugusa kitako cha sufuria, kwa sababu kitako kina joto kuliko maji. Ya kwanza ilianza kuachia kwenye 82, na maji yalipofika 95 ilikuwa imefunguka zaidi ya milimita 8. Ya pili, ya bei ya chini, ilisubiri hadi 89, na maji yalipoanza kuchemka ilikuwa milimita 4 tu. Sufuria haifiki mbali zaidi hapa Kampala, kwa hiyo isiyofunguka vizuri kabla ya maji kuchemka irudishwe dukani. Ya kwanza ndiyo iliyofungwa, kitundu chenye kijipini kikiwa juu ili hewa ipite wakati wa kujaza.

Ijumaa. Feni

Voltimita kwenye plagi ya feni: 10.6. Kwenye betri: 14.0. Zaidi ya volti 3 zinapotea kwenye waya wa spika, na feni inazunguka bila nguvu. Mjini ilitosha kwa sababu haikuzima kamwe.

Chanzo cha waya huo kinaeleweka. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, swichi ya joto ya feni inafanya kazi kinyume na mazoea: injini ikiwa baridi inapitisha umeme, ikifika nyuzi 93 hivi inakata, na rilei inawasha feni kwa kukosa ule umeme. Ikipoa hadi karibu 83 inaunganisha tena na feni inazima. Fundi asiyelijua hili anachomoa waya wa swichi na kuugusisha kwenye bodi akitegemea feni iwake. Haiwaki, anaitangaza rilei imekufa, anavuta waya wa moja kwa moja. Jaribio sahihi ni ufunguo ON, chomoa plagi ya swichi, uiache ikining'inia: feni lazima izunguke. Hapa ilizunguka mara tu rilei na fyuzi viliporudishwa mahali pake. Mwelekeo umethibitishwa kwa kipande cha karatasi mbele ya kondensa. Kimevutwa na kushikiliwa. Motokaa lililowahi kuunganishwa kienyeji lipimwe hivyo kila mara, kwa kuwa nyaya zikigeuzwa feni inapuliza kuelekea mbele na kupigana na upepo wa barabarani.

Jumamosi. Kujaza, kisha barabarani

Mchanganyiko ni nusu kulanti ya ethilini glikoli isiyochanganywa, nusu maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati baada ya mvua kuliosha kwanza. Uganda haina baridi ya kugandisha injini, lakini glikoli hupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi kadhaa, na dawa zilizomo huzuia kutu iliyoiua rejeta ya kwanza. Kulanti nyingi za madukani ni maji ya rangi. Refraktomita, kifaa cha kupima nguvu ya kulanti, inaumbua mara moja: nusu kwa nusu inapaswa kusoma karibu −37 kwenye kipimo cha kuganda. Hii imesoma −35, inakubalika. Usiionje kwa ulimi kamwe, ni sumu na ni tamu. Iliyomwagwa isiachwe mahali watoto na mbwa wanapofika.

Pua ya gari imeinuliwa kwa jeki, hita imefunguliwa hadi mwisho, kulanti ikamiminwa polepole. Injini imewashwa mfuniko ukiwa wazi, mipira ikiminywaminywa, mpaka thamostati ilipofunguka na kiwango kushuka. Ikaongezwa, mfuniko mpya wa 0.9 ukafungwa. Ziliingia karibu lita 6. Asubuhi injini ikiwa baridi kiwango kilikuwa shingoni na chupa ikiwa imeshuka kidogo, ndivyo mfuniko mzima unavyofanya.

Mshale wa dashibodi hauaminiki kwa majaribio, umetengenezwa ukae katikati kwa masafa mapana ya joto. Waya wa kipimajoto cha multimita ulifungwa kwenye shingo ya chuma ya maji yanayotoka, chini ya foili na kipande cha sponji, ukaingizwa ndani ya gari. Watu wanne, kiyoyozi kimewashwa. Kampala hadi Masaka: 87 hadi 90. Milima baada ya Ntungamo: kilele 98, kikishuka hadi 91 dakika chache baada ya kufika juu. Gari liliposimamishwa Kabale na kuzimwa, joto lilipanda nyuzi 5 kabla ya kuanza kushuka. Hilo ni kawaida, pampu imesimama na hedi bado inatoa joto. Chupa haikufurika.

Yaliyobaki: oili ya injini ibadilishwe kwa sababu ya zamani imepikwa mara nyingi; oili ya gia vilevile, ikiwezekana na chujio lake. Kiwango cha kulanti kiangaliwe kila asubuhi kwa wiki mbili. Baada ya kilomita 1,000 presha ipimwe tena kwa psi 13, jicho likiwa kwenye mpira wa hita na kwenye kitundu cha pampu ya maji, ambayo bado ni ya zamani na haijawahi kushika 0.9 kwa muda mrefu.